Meno ya Tupa

"Hicho si chambo, ni..."

"Usiguse! Rangi haijakauka!"

"...ni hereni! Ona kinavyong'aa. Samaki gani atakula hereni?"

"Samaki mwenye macho. Wewe huoni kwa sababu..."

"Mimi naona vizuri! Nimekaa duka hili tangu natambaa!"

"Na bado unatambaa! Toa mkono!"

Vichwa viwili vilikuwa vimeinama juu ya meza ya nyuma ya duka, karibu vigongane. Aliyekikinga kitu kwa viganja alikuwa Brashi, msichana wa darasa la sita. Walimwita hivyo kwa sababu haikupita siku bila rangi kwenye vidole vyake, na siku nyingine kwenye pua. Aliyekuwa akinyoosha shingo ni binamu yake, Redio, na jina lake halihitaji maelezo. Alianza matangazo akiamka na kufunga stesheni akilala, na nyumbani walidai kuwa hata usingizini alisoma habari kwa ufupi.

Duka lilikuwa la Shangazi, mama yake Redio. Lilikuwa karibu na bwawa la maji ya mji, na ndani lilinuka mpira, gundi na mafuta ya cherehani. Shangazi aliuza zana za kuvulia. Fimbo zilisimama ndani ya pipa, nyingine laini za kupindika, nyingine ngumu kama mpini wa ufagio. Mishipi ilikuwa imezungushwa kwenye vigurudumu, kuanzia myembamba kama unywele hadi minene kama ya kufungia mizigo. Kulikuwa na ndoana za kila ukubwa na chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi. Juu ya vyote, kulikuwa na chambo bandia: visamaki vya mti, vyura wa mpira, na vijiko vidogo vya bati vinavyozunguka vikivutwa majini.

Karibu vyote vilikuwa kwa ajili ya samaki mmoja. Wenye vitabu wana jina lao refu, lakini wavuvi wa bwawani walimwita Domo, kwa sababu akifungua mdomo unaweza kuingiza ngumi. Domo hali majani wala makombo. Hujificha kwenye kivuli akisubiri kinachopita, na kikimpendeza au kikimuudhi hukirukia. Kazi ya chambo bandia ni hiyo tu, kumpendeza au kumuudhi.

Sasa, dukani kulikuwa na mbao mbili za kutundikia chambo. Ubao wa nyuma ulikuwa wa vitu vipya na vya kujaribu. Ubao wa mbele, ulioelekea mlangoni, ulikuwa wa chambo ambacho Shangazi mwenyewe alikuwa amekitupa bwawani na Domo akakikamata. Chambo cha namna hiyo hakikupakwa rangi upya. Kilitundikwa na michubuko yake, na wateja walipoingia walisema tu, "Nipe kilichong'atwa," wakalipa, wakaenda. Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Hiki kinastahili ubao wa mbele," Brashi alisema, akipuliza rangi ikauke.

Kilikuwa kisamaki cha mti mwepesi, cha rangi ya chungwa, chenye magamba ya dhahabu yaliyochorwa moja moja, na macho mekundu ya rangi ya kucha. Alikuwa amekichonga jioni nyingi. Kwa kweli kilipendeza.

"Kimeng'atwa?" sauti ya Shangazi ilitoka nyuma yao.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye aproni yenye madoa ya gundi. Hakuvaa bangili, hakuvaa mkufu. Matundu ya masikio yake alikuwa ameyatia kipande cha mshipi kila upande yasije yakaziba, na hakuna aliyekumbuka kuona kitu kingine hapo.

"Bado, Shangazi. Lakini ukikitazama tu..."

"Mimi sikili. Kapeleke kwa mwenye kukila."

Brashi alikipeleka. Wiki nzima, kila alipotoka shule, alisimama ukingoni akitupa na kuvuta, akitupa na kuvuta. Domo hakupendezwa wala hakuudhika. Kilichonaswa nacho ni majani ya chini ya maji tu, na mara moja kofia ya Redio.

Basi kikaenda ubao wa nyuma. Lililomuuma Brashi halikuwa ubao wenyewe. Tangu aanze kumsaidia Shangazi, kazi yake ilikuwa moja, kuzungusha mishipi kwenye vigurudumu mpaka mkono ufe ganzi. Na Shangazi alikuwa amemwambia: "Siku kitu chako kitakapopanda ubao wa mbele, utaacha mishipi, utakaa meza ya nyuma, utachonga." Brashi aliyaweka maneno hayo moyoni. Aliitaka meza ile kuliko alivyotaka chakula.

Ijumaa ikafika. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mashindano ya kuvua ukingoni, na wateja walikuwa wengi. Shangazi alivua aproni.

"Naenda stendi kuchukua mzigo wa fimbo. Nikirudi napitia kwa fundi kuchukua gauni, Jumapili nina harusi ya mwenzangu wa shule. Redio, fagia. Brashi, uza vya mbele, usimshauri mtu usilolijua."

"Mama ndani ya gauni!" Redio alitangaza mlango ulipofungwa. "Wasikilizaji, kaeni chini msianguke!"

Brashi hakucheka. Alikuwa anakitazama kisamaki chake kule nyuma, kimejibanza kati ya chura aliyepasuka na kijiko kilichopata kutu. Halafu akaitazama tupa mezani, ile ya kunolea ndoana.

Haikuchukua muda. Alikwangua ubavu mmoja, kwaru, kwaru, kisha ubavu wa pili. Rangi ilitoka kwa mistari mistari, mti mweupe ukaonekana chini. Ukiwa mbali, ungeapa kwamba kimeponea mdomoni mwa Domo.

"Weee!" Redio alidondosha ufagio. "Mama akijua..."

"Akijua atajulia kwako. Nikufagilie duka wiki nzima, ukae kimya?"

Redio alipima. Kukaa kimya kwake kulikuwa sawa na mtu mwingine kufunga wiki nzima. Lakini kufagia alikuchukia zaidi. Alimkabidhi ufagio, akabana midomo, mashavu yakavimba kama puto.

Kisamaki cha chungwa kikapanda ubao wa mbele.

Mteja wa kwanza kukiona alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye miwani, ambaye kila mashindano hutoka mikono mitupu na kucheka mwenyewe. Safari hii alimshika mkono binti yake mdogo, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Baba yake alimwita Pengo, na yeye aliliitikia jina kwa fahari.

"Kesho Pengo anavua mara yake ya kwanza," daktari alisema. "Nataka kila kitu. Fimbo, mshipi, chambo. Mimi sijui kuchagua, ndiyo maana sipati kitu."

"Nataka kile!" Pengo alinyoosha kidole kwa kisamaki cha chungwa. "Kimeng'atwa?"

Brashi alikitungua kisamaki. "Kiko ubao wa mbele," alisema. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo baya lake.

Daktari alikiinua karibu na miwani. "Lo! Samaki huyu amepangika meno! Yamelingana kama ya chanuo. Wagonjwa wangu wangemwonea wivu."

Alicheka. Redio alitoa mlio kama birika linalotaka kuchemka, akakimbilia uani. Brashi, masikio yakimuwaka, alianza kuchagua vitu vingine haraka haraka. Alichagua kama anayechagua nguo za kutokea. Alichukua fimbo nyekundu iliyong'aa, ngumu, na mshipi wa kijani kwa sababu kijani kilikubaliana na chungwa. Ulikuwa mshipi mnene, wa kuvutia samaki wa kubebwa na watu wawili. Pengo alitoka dukani akiruka kwa mguu mmoja.

Shangazi aliporudi alikuwa amebeba fimbo begani na bahasha ya gauni kwapani, na mlangoni palikuwa na foleni. Hakupata nafasi ya kuuangalia ubao.

Asubuhi ya mashindano, maji ya bwawa yalikuwa yamechafuka. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani na mito ikaleta udongo. Watu walijipanga ukingoni, kutoka kwenye nyumba ya pampu hadi kwenye ngazi za saruji. Aliyepata samaki alimlaza kwenye ubao wa kupimia, msimamizi akasoma urefu, kisha samaki akarudishwa majini akapige umbea na wenzake. Shangazi alikuwa na meza yake pembeni, akibadilishia watu ndoana na kufungua mishipi iliyojisokota. Redio alikuwa kimya. Watu wawili walimuuliza kama anaumwa.

Brashi alipaswa kusaidia mezani, lakini macho yake yalikuwa kwa Pengo.

Pengo alitupa. Fimbo ilikuwa ngumu, mkono wake mdogo, na kisamaki chepesi hakikuweza kuuburuta mshipi ule mnene. Kilianguka karibu, pwaa, kikalala ubavu juu ya maji kama kitu kilichokufa juzi. Alivuta. Kilikuja kimelala vile vile, hakitikisiki, hakizami. Alitupa tena.

Kulia kwake mtoto mmoja alipata Domo. Kushoto mzee mmoja akapata wawili. Pengo aliendelea, ulimi ukitokeza penye pengo. Baba yake alimwambia, "Subiri, atakuja." Pengo alisubiri. Jua lilipanda. Mwisho alilaza fimbo chini, akakaa juu ya jiwe, akaanza kuukagua mkono wake wa kulia, nje na ndani, kama anayetafuta pale palipoharibika.

Brashi alimwendea bila kujua atasema nini.

"Vipi, mdogo wangu?"

"Dada, mkono wangu mbaya," Pengo alisema, bila kulia. Alisema kama anayetoa taarifa. "Chambo kizuri. Kilishang'atwa, umeona meno yake? Mimi ndiye sijui. Namwambia Baba tusije tena."

Jana yote alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alijua mteja akikosa samaki atarudi dukani kugomba, na alikuwa ameshatunga majibu, maji machafu, jua kali, bahati. Hakuwa na jibu la mtoto anayeugombeza mkono wake mwenyewe.

Aliangalia meza ya Shangazi. Akafikiria meza nyingine, ile ya nyuma, yenye visu vya kuchongea na mwanga wa dirishani. Kisha akachuchumaa.

"Mkono wako mzima. Chambo ndicho kibovu. Hakijang'atwa na samaki yeyote. Yale meno niliyachora mimi, kwa tupa."

Pengo alifikiri. "Tupa ni samaki gani?"

"Si samaki. Ni chuma cha kunolea."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ni mimi."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yao na alisikia yote. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Tukamwone mwenye duka," alisema. Hakupandisha sauti, na Brashi alitamani angepandisha.

Mezani, Brashi alirudia maneno yale yale, na safari hii hakuyazungusha. Alipofika kwenye tupa, Redio alishindwa kuvumilia.

"Na mimi nilijua!" yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Nilijua tangu mwanzo, Mama, nikanyamaza, nikafagiliwa duka, na nimeteseka, hujui nilivyoteseka, usiku nimeng'ata mto..."

"Redio."

"Naam."

"Rudi kimya dakika moja."

Shangazi alikichukua kisamaki, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo. "Domo hana meno ya namna hii. Mdomo wake ni kama msasa. Akikamata kitu anakichubua, hakichani. Hii ni tupa, na tena ni tupa yangu mpya."

"Mimi ndiye daktari wa meno," daktari alisema, akijikuna shavu, "na jana niliona yamepangika mno. Nikatania badala ya kuuliza."

Shangazi alikiweka kisamaki mezani. Alimgeukia Pengo. "Njoo hapa, mama. Tuanze upya. Na wewe, Brashi, usikimbie. Shika."

Alivua ule mshipi mnene wote, akampa Brashi auzungushe, naye akaufunga mwembamba. Akabadilisha fimbo, akatoa laini, fupi, iliyopinda kwa kuguswa. Alizungumza huku mikono ikienda.

"Fimbo nyepesi kwa mkono mwepesi. Chambo chepesi, mshipi mwembamba, la sivyo hakiendi mbali wala hakichezi. Sasa yatazameni maji. Yakoje?"

"Kama chai ya maziwa," Pengo alisema.

"Vizuri. Kwenye chai ya maziwa, Domo haoni dhahabu ya mtu. Anaona kivuli kikipita, na anasikia mtikisiko. Kwa hiyo tunampa kitu cheusi, chenye kijiko cha bati, kizunguke kimpigie kelele." Akatoa sandukuni kitu kibaya kweli kweli, kifupi, cheusi, kimechubuka kama ndala ya zamani. "Maji yakiwa safi, hapo ndipo tutaongea mambo ya rangi."

"Kinafanana na mende," Pengo alisema.

"Kumbe unajua kuchagua. Tupa pale, kwenye kivuli cha ngazi. Vuta polepole. Usipokisikia kijiko kikitetemeka mkononi, unavuta polepole mno."

Pengo alitupa. Mende akaruka mbali, akatua bila kishindo. Alivuta. Hakuna. Alitupa tena, na tena. Halafu fimbo ikainama yenyewe kama mtu anayeitikia salamu, na Pengo akapiga yowe lililowageuza watu wote ukingoni.

Hakuwa Domo mkubwa. Kwenye ubao wa kupimia alikuwa wa kushika mkia wa orodha, na msimamizi alilazimika kuinama amwone. Lakini mdomo alikuwa nao, na Pengo alichungulia ndani yake kwa makini kama baba yake kazini.

"Hana meno kama ya chanuo," alitangaza, akamrudisha majini kwa mikono miwili. Kisha akaunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama, akaubusu.

Watu walipopungua, Shangazi alimkalisha Brashi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Redio alikaa chini bila kuambiwa.

"Kuharibu rangi si kitu," Shangazi alisema. "Ule ubao wa mbele, mwanangu, mimi sikuuweka kwa ajili ya urembo. Ni kauli yangu. Mtu akitumia chambo cha ubao wa nyuma akakosa, anasema chambo kibaya, anakuja kunigombeza, tunacheka. Akitumia cha ubao wa mbele akakosa, halaumu chambo, anajilaumu yeye. Umemwona yule mtoto alivyokuwa anautazama mkono wake? Ukidanganya, mara nyingi anayejiona mjinga ni yule aliyekuamini. Ndiyo maana uongo ni mbaya hata kabla haujajulikana."

Brashi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Shangazi."

"Yule mtoto umeshamwambia, na umemwambia wewe mwenyewe kabla sijakushika. Hilo nimeliona. Daktari atarudishiwa chake chote na ile fimbo nyepesi atabaki nayo. Wewe utarudi kwenye mishipi. Jioni, ukimaliza, utachukua mti mwingine, utatoboa tumbo uingize chubwi, kisamaki kisimame, kiache kulala ubavu. Kichwa umekichonga vizuri. Mkono unao, subira ndiyo huna. Kikishang'atwa, tutaongea habari ya meza."

"Na mimi?" Redio aliuliza.

"Wewe utafagia. Duka na uani. Na unaruhusiwa kuongea ukifagia."

Redio alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyesamehewa zaidi ya alivyotarajia.

Walianza kukusanya vitu. Brashi alikiokota kisamaki cha chungwa mezani ili akitupe kwenye ndoo ya takataka, lakini Shangazi alimshika kifundo cha mkono, akakichukua. Alikining'iniza kwa vidole viwili, kikazunguka taratibu, magamba ya dhahabu yakipokea jua. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha, polepole, alichomoa kile kipande cha mshipi kilichokuwa sikioni mwake miaka yote.

"Mama?" Redio alisema, na kwa mara ya kwanza maishani neno moja lilimtosha.

Shangazi alikisogeza kisamaki karibu na shavu.

"Kitoe ndoana," alimwambia Brashi. "Na ufute hayo meno, upake vizuri. Harusi ni kesho na gauni langu ni la rangi hii hii. Halafu nakuomba, nichongee na mwenzake kabla ya usiku. Nina masikio mawili."